Barua za Kwenda Gerezani

Kila mwaka, katika mtihani wa kidato cha tatu, sisi walimu wa Kiswahili wa shule yetu huwatungia wanafunzi swali la methali, na methali tuipendayo kuliko zote ni ile isemayo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Twawataka watunge kisa cha kuthibitisha ukweli wake. Nao hutunga: mtoto azama mtoni, mwenziwe amwokoa, tajiri afilisika, marafiki wa karamu watoweka, maskini mmoja abaki naye. Twasahihisha, twatoa alama, twafunga madaftari. Haikutupitikia hata siku moja kwamba methali hiyo ingekuja kututahini sisi wenyewe, wala kwamba katika jaribio la kwanza tungeanguka vibaya.

Mambo yalianza mwezi Februari 2019. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili na historia, ambaye pia alikuwa mweka hazina wa chama chetu kidogo cha kuweka na kukopa, alikamatwa kwa wizi wa fedha za chama. Wanachama tulikuwa 23, na fedha zilizokosekana zilikaribia shilingi milioni 11. Ndani yake zilikuwamo za kwetu sisi wanne tunaoandika makala haya. Hatuyasemi haya ili tuhurumiwe. Twayasema ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mtu tunayemweleza hakuwa ameonewa. Alizichukua. Alizichukua kidogo kidogo, kwanza kwa ajili ya matibabu ya mtoto wake, kisha kwa ajili ya kuziba pengo la kwanza, kisha la pili, mpaka pengo likawa shimo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara yake ya 23, yatamka kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na kwamba jamaa zake wa karibu, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumwona. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2005, mtu aliyekaa rumande siku 60 kwa kosa ambalo hata mahakama za chini zaweza kulihukumu, na kesi yake haijasikilizwa, hustahili kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ambayo mahakama itayaona yafaa. Masharti hayo, kwa mtu wa kawaida asiye na hati ya ardhi, huwa ni wadhamini: watu wawili wenye kazi na anwani, watakaosimama mbele ya hakimu na kusema, twamjua mtu huyu, na asipofika tuulizeni sisi.

Siku ya sitini na ushee mkewe alifika shuleni. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, akapiga magoti kidogo kama ilivyo adabu ya kwetu, akasema, "Walimu, mwamjua mume wangu. Nimekuja kuwaomba wawili tu." Tulimkaribisha kiti. Tukamwambia kwamba mambo hayo yataka kufikiriwa, kwamba mkuu wa shule hayupo, kwamba tutaona. Na sote tusomeshao lugha twajua kwamba "tutaona" ni hapana iliyovaa nguo za heshima. Alishukuru, akaondoka. Hakurudi tena, na hakuna mdhamini aliyepatikana. Mwenzetu alikaa rumande mpaka Agosti, alipokiri kosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Katika miezi hiyo yote gereza la wilaya lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka shuleni kwetu. Hatukwenda.

Tulikuwa na sababu, na baadhi yake zilikuwa za kweli. Tuliogopa kuonekana. Tuliogopa kuambiwa kwamba tuliila fedha hiyo pamoja naye. Zaidi ya yote tulikuwa na hasira, na hasira ya mtu aliyeibiwa na rafiki ni nzito kuliko ya mtu aliyeibiwa na mgeni. Lakini tukiyatazama sasa, twaona kwamba hasira ilikuwa udhuru tu. Mtu mwenye hasira huenda akagombe. Sisi tulinyamaza.

Aliyetutoa katika kimya hicho alikuwa mama yake mzazi. Baada ya hukumu, mwanawe alihamishwa akapelekwa katika gereza kubwa la mbali, ng'ambo ya Mto Naili, safari ya siku nzima kwa basi. Siku moja ya Septemba bibi huyo, ambaye umri wake unapita miaka sabini, alitembea kutoka kijijini kwake kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akafika shuleni saa sita mchana, akaketi chini ya mwembe. Hakuomba fedha, wala hakututaja ubaya. Alisema katika Kimasaba kwamba ataka mtu mmoja wa kumsindikiza, kwa sababu haijui lugha ya pale mlangoni.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya lugha hiyo, maana wasomaji wa jarida hili walioko pwani huenda wasielewe. Kwa Mswahili wa Mombasa au Unguja, Kiswahili ni lugha ya mama na ya shairi. Katika Uganda historia yake ni nyingine. Tangu enzi za Mwingereza kilikuwa lugha ya askari: ya jeshi, ya polisi na ya magereza. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na miaka iliyofuata watu wengi walikisikia kutoka vinywani mwa watu wenye bunduki. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tulifurahi, naam. Lakini sheria haifuti kumbukumbu. Yule bibi alipokuwa mke kijana, Kiswahili kilikuwa sauti inayogonga mlango usiku. Hakutaka hata kukitamka. Mwanawe alipochagua kukisomea, hakumsemesha kwa siku kadhaa.

Wawili wetu tulikwenda naye. Basi lilipita Tirinyi na Iganga mpaka Jinja, likavuka Naili kwa lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, na njia yote tulikuwa tukimfundisha sentensi tatu. Ya kwanza: "Naomba kumwona mwanangu." Ya pili: "Hujambo, mwanangu, unakula?" Ya tatu: "Twakungoja nyumbani." Tumesomesha miaka mingi, lakini hatujapata mwanafunzi aliyejifunza kwa chuki na kwa bidii kama huyo. Alizirudia akiwa ametazama nje ya dirisha, kama mtu atafunaye dawa chungu.

Mlangoni tulitoa vitambulisho, tukaacha simu, tukaandikishwa. Fedha haikuruhusiwa kumpa mtu mkononi. Huandikwa ofisini kwa jina la mfungwa. Sukari ilipita, sabuni ikapita, dawa ya meno na karatasi za chooni zikapita. Bibi alikuwa amebeba malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa moshini na kupikwa kwa karanga, chakula cha heshima kwetu. Hayo yalikataliwa, kwa kuwa chakula kilichopikwa nje hakiingii. Hakubishana. Alimpa mwanamke mwingine aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, akasema mtoto asile peke yake.

Tulikutana naye kwenye wavu, askari amesimama karibu. Amri ilikuwa kwamba mazungumzo yawe katika lugha ambayo afande anaifahamu. Basi mama na mwana, ambao katika maisha yao yote hawakuwahi kusemezana Kiswahili, wakaanza kwa Kiswahili. Mama akaitoa sentensi ya pili. Mwana akajibu kwamba hajambo, na kwamba anakula posho na maharagwe. Mama akaitoa ya tatu. Kisha Kiswahili chake kikaisha, na dakika zilikuwa bado. Akabaki ameushika wavu. Yule askari, mtu mzima mwenye mvi, alitazama sakafuni kitambo, kisha akasema, "Mama, sema lugha yako tu. Mimi nitasimama pale." Akasogea hatua sita au saba, akatupa mgongo. Hatujui alikuwa mtu wa wapi. Twamkumbuka kila tunaposikia watu wakisema kwamba watu wa magereza wote ni namna moja.

Zamu yetu ilipofika, hatukuwa na la kusema. Hakutuomba msamaha siku ile, nasi hatukumwomba wetu. Aliuliza swali moja: "Nani anakifundisha kidato cha pili?" Tukamwambia. Akasema, "Mwambieni wale hawajamaliza ngeli ya U-ZI."

Ndipo tukaanza kuandika barua. Barua yetu ya kwanza ilikuwa hotuba. Tulimhimiza awe na subira, tukamkumbusha kwamba baada ya dhiki faraja, tukaijaza kurasa tatu. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili. Aliandika kwamba mawaidha humo ndani hayana upungufu, huletwa kila Ijumaa na kila Jumapili na watu wa dini zote. Je, mvua imenyesha? Tuliona haya. Tangu hapo tulijizoeza kuandika mambo madogo: bei ya kahawa, nani kajenga, nani kaoa, ni mwanafunzi gani wa zamani kafaulu, mwembe wa shule umeangushwa tawi na upepo. Tuligundua kwamba mtu aliye kifungoni anaijua huzuni yake kuliko tuijuavyo, na kwamba anachokikosa ni siku za kawaida.

Kwa manufaa ya yeyote atakayejikuta katika hali hiyo, tutaje machache tuliyojifunza kwa kukosea. Barua ipewe namba juu yake, kwa sababu hazifiki kwa utaratibu zilivyotumwa, na mfungwa aliyepokea ya tano kabla ya ya nne hudhani kuna msiba anaofichwa. Iandikwe kwa mwandiko unaosomeka na kwa lugha iliyo wazi, maana kabla ya kumfikia hupitiwa na ofisa, na fumbo lisiloeleweka laweza kuizuia. Isizungumzie kesi. Isiahidi ziara ambayo haina nauli. Hili la mwisho tulilivunja mara moja, Desemba ile, na baadaye tukasikia kwamba alinyoa ndevu akakaa tayari tangu asubuhi.

Katika miezi hiyo tulianza kuvisoma upya vitabu tulivyokuwa tukivisomesha. Kila mwalimu wa ushairi amjua Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", akakaa kifungoni mpaka mwaka 1972, na ambaye tungo zake za humo, alizoziandika kwenye karatasi za chooni, zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Tumewatahini wanafunzi juu ya vina na mizani vyake miaka nenda miaka rudi. Lakini mpaka tuliponunua sisi wenyewe karatasi za chooni za kumpelekea mtu, hatukuwa tumefikiri kwamba karatasi ile ni kitu chenye bei. Hatusemi kwamba mwenzetu alikuwa mtu wa aina ile. Yule alifungwa kwa fikira zake, huyu kwa mikono yake. Lakini upweke nadhani hauulizi hati ya mashtaka. Nelson Mandela, alipofikishwa kisiwa cha Robben mwaka 1964, aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kwa kila miezi sita, na barua isizidi maneno 500. Jina lake ndilo lililopewa kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa upya Desemba 2015, na kanuni ya 58 yasema kwamba mfungwa aruhusiwe kuwasiliana, kwa barua na kwa kutembelewa, na jamaa zake na marafiki zake. Tulilisoma neno "marafiki" mara mbili. Sheria ya dunia ilikuwa imetukumbuka zaidi ya tulivyojikumbuka.

Si wenzetu wote walioafiki. Katika mkutano wa chama mwalimu mmoja wa kike, mtu wa haki na mchapa kazi, alituuliza mbele ya wote: "Mnampelekea sukari kwa fedha ya nani?" Binti yake alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, kwa sababu akiba yake ilikuwa ndani ya zile milioni 11. Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna. Tulimwambia kwamba nauli na sukari twatoa mifukoni mwetu, jambo ambalo lilikuwa kweli na ambalo halikuwa jibu. Hakuja nasi hata mara moja. Hatumlaumu, na tungeomba msomaji naye asimlaumu.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 barua zake zikabadilika. Gerezani mlikuwa na darasa, kama lilivyo katika magereza kadhaa ya nchi hii; katika Luzira, mathalani, wafungwa husoma na kufanya mitihani ya taifa, na ni humo humo Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, aliposomea sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London. Kesi aliyoifungua pamoja na wenzake zaidi ya 400 ilifikia uamuzi wa mwisho Januari 2009, hukumu ya kifo ya lazima ikaondolewa, naye akatoka huru mwaka 2016. Mwenzetu hakuwa na makuu hayo. Alikuwa ameombwa kuwafundisha Kiswahili wafungwa 14, akataka tumtumie orodha ya ngeli, kamusi moja hata kama ni kuukuu, na chaki.

Kisha akatuma insha zao. Alisema kwamba yeye amezisahihisha kwa penseli, lakini wanafunzi wake wataka kusahihishwa na "mwalimu wa nje", kwa wino mwekundu. Mada ilikuwa "Safari niliyoifurahia". Mmoja aliandika kuhusu harusi ya dada yake. Mwingine, aliyekuwa na sarufi dhaifu kuliko wote, aliandika juu ya siku aliyopelekwa mahakamani ndani ya lori la magereza: kupitia tundu aliona mwanamke akipanga maembe kando ya barabara, na akayahesabu mpaka lori lilipokata kona. Tulibishana chumba kizima cha walimu juu ya alama za insha ile. Kanuni zetu zilidai tuikate kwa upatanisho mbaya wa sarufi. Tuliikata. Lakini tulimwandikia pembeni mistari mingi kuliko tuliyomwandikia yeyote.

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, ziara gerezani zilisimamishwa, shule zikafungwa, na magari ya abiria yakazuiwa hadi Juni. Shule hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2022. Baadhi yetu tulisema kwamba sasa nasi twaonja kifungo. Maneno hayo hatukuyaandika katika barua, na tulifanya vyema. Kwani sisi tulilala katika vitanda vyetu, na walio wa serikali miongoni mwetu mishahara yetu iliendelea kuingia. Kilichotuuma kwa kweli ni kwamba barua ya kumi na moja ilikaa mezani wiki kumi bila njia ya kwenda. Mara mbili alipata kutuma salamu kwa simu kutoka ofisi ya ustawi. Mama yake alikataa kuzungumza simuni. Alisema hawezi kusema na mtu asiyemwona mdomo.

Aliachiliwa Agosti 2021, baada ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Tulikwenda kumpokea watatu; wa nne alikuwa mgonjwa. Alitoka na mfuko mmoja wa nailoni. Ndani yake zilikuwamo barua zetu zote, zimepangwa kwa namba, na ya saba haikuwapo. Mpaka leo hatujui ilipopotelea. Nyumbani alilakiwa na mama yake, na malewa safari hii yakaliwa.

Hakurudishiwa kazi, wala hatukutegemea. Analima vitunguu, na kila mwisho wa mwezi hukileta kitu kwenye chama, shilingi 50,000 ikiwezekana, 20,000 isipowezekana, na mweka hazina mpya humwandikia risiti. Akiendelea hivi, deni litamchukua miaka mingi. Yule mwalimu mwenye binti humwona akipita, na hawaamkiani.

Darasa la gerezani liliendelea baada yake chini ya mfungwa mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, na mtu huyo aliendeleza desturi ya kututumia insha. Kundi la mwisho limefika wiki iliyopita, insha sita, mada "Jirani yangu". Tatu zimekwisha kusahihishwa. Katika ya nne mwandishi amechanganya U-I na U-ZI tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na tumeamua kumwachia mwenzetu aisahihishe mwenyewe, kwa wino mwekundu, Jumamosi atakapoleta vitunguu.